Folda za netiweki zinazojirudia kwenye programu za picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wapiga picha wa huku kwetu, studio za Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya, watu wa Mafinga na Njombe wanaopiga harusi na mahafali, ofisi zenye seva ndogo kwenye kona. Mifano mingi ni ya Lightroom Classic kwenye Windows kwasababu ndo wengi wanayo, ila Mac na digiKam nao wana sehemu yao chini. Majina ya menyu nimeyaacha vile yanavyoonekana kwenye kioo ili uyapate.

## Mambo ya msingi

Mbona folda ileile inaonekana mara mbili wakati sijakopi kitu chochote?

Mara nyingi kwenye diski folda ni moja tu, ila programu imeijua kwa njia mbili. Programu kama Lightroom haibebi picha ndani yake, inaandika kwenye katalogi kwamba picha fulani ipo mahali fulani, na hapo "mahali" ni maandishi tu, mfano Z:\Harusi\2024. Kesho ukiingia kwenye folda hiyohiyo kupitia \\SEVA\picha\Harusi\2024 ukaimpoti, programu inaona maandishi tofauti, basi inafungua ukurasa mpya. Ni kama mtu anaitwa Baba Neema mtaani na Mwalimu kazini, ukiandika mchango wa harusi kwa majina yote mawili daftari litaonyesha wachangiaji wawili wakati mfuko ni mmoja.

Hiyo ndo aina ya kwanza, njia mbili folda moja. Aina ya pili ni nakala za kweli, yaani picha zimekopiwa kweli na zinakula nafasi mara mbili. Dawa ya aina hizi mbili ni tofauti kabisa, na dawa ya moja ukiitumia kwa nyingine unaweza kupoteza kazi ya mteja, kwahiyo usiguse kitu kabla hujajibu swali linalofuata.

Nitajuaje kama ni njia mbili au ni nakala za kweli?

Kuna jaribio dogo la uhakika. Kwenye Lightroom bonyeza kulia folda ya kwanza chagua "Show in Explorer", dirisha likifunguka tengeneza humo faili tupu la maandishi, liite jaribio.txt. Rudi kwenye Lightroom, fanya hivyohivyo kwa folda ya pili, bonyeza F5 dirisha lijisome upya, angalia. Kama jaribio.txt lipo na huku pia, folda ni moja. Kama halipo, una nakala mbili za kweli. Ukimaliza lifute jaribio lako.

Usijaribu kupima kwa kuangalia idadi ya picha. Folda zinaweza kuonyesha 1,840 zote mbili zikawa ni moja, na zinaweza kuonyesha 1,840 na 212 zikawa bado ni moja, kwasababu ile namba ni ya picha zilizoandikwa kwenye katalogi kwa njia hiyo, siyo zilizopo kwenye diski.

Nikifuta moja, picha zinapotea?

Inategemea unafuta wapi na unabonyeza nini, na hapa naomba usome pole pole.

Ukibonyeza kulia folda kwenye Lightroom ukachagua "Remove", folda inatoka kwenye katalogi, picha zinabaki kwenye diski, ila kila ulichoediti kupitia ukurasa ule kinaondoka nao kama hukukihifadhi kwenye XMP (maandishi ya ulichoediti yanayokaa pamoja na picha kwenye diski). Ukichagua picha ukabonyeza Delete, inakuuliza kati ya kuondoa kwenye Lightroom na "Delete from Disk". Hiyo ya pili ndo ya kuogopa. Kama folda ni moja yenye njia mbili, ukifuta diski kwa njia ya Z: umefuta na ile ya \\SEVA, hakuna "nyingine" iliyobaki.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, faili likifutwa kwenye draivu ya netiweki haliendi kwenye Recycle Bin ya Windows yako. Linaondoka moja kwa moja, labda tu kama NAS yenyewe (kile kisanduku cha hadidiski kinachokaa kwenye netiweki) ina pipa lake na mtu aliliwasha. Na kufuta kwa kutumia Explorer huku ukiamini "hii ni ile ya ziada" ni hatari ileile.

Kabla sijaanza kusafisha nifanye nini?

Bakapu ya katalogi. Funga Lightroom, tafuta faili linaloishia na .lrcat, likopi kwenye flashi au hadidiski ya pembeni. Ndani yake ndo kuna ulichoediti, nyota na makundi. Kwenye matoleo mapya kuna na faili linaloishia na .lrcat-data pembeni yake, kopi na hilo maana baadhi ya kazi kama mask zinakaa humo. Hata ukiharibu kabisa unayarudisha unaanza tena. Alafu kama una nafasi kopi na picha zenyewe za ile kazi unayotaka kusafisha.

Wengi wanashauriwa wachague picha zote wabonyeze Ctrl+S ili mabadiliko yaandikwe kwenye XMP. Ni ushauri mzuri kwenye folda ya kawaida ila kwenye folda iliyojirudia una mtego, soma kwanza swali la metadata (maelezo yanayoandikwa pamoja na picha) kule kwenye kesi za pembeni.

## Windows

Nina Z: na nina \\SEVA\picha, zote ni sehemu moja. Nibaki na ipi?

Chagua moja, alafu usiwahi tena kuimpoti kwa ile nyingine, hata siku moja una haraka na mteja amesimama kaunta.

Kwa studio nyingi mimi napendelea herufi. Siku ukinunua NAS mpya au jina la seva likibadilika, unaielekeza herufi ileile kwenye sehemu mpya na katalogi haishtuki. Chagua herufi ya mbali, P: au S:, kwasababu flashi na kadi rida zinapenda kukaa D, E, F na G. Njia ndefu yenye sleshi mbili inafaa kama mnatumia kompyuta nyingi na hamwezi kuhakikisha herufi inafanana kote, ila jina la seva likibadilika folda zote zinapata alama ya swali kwa mpigo.

Kujua herufi zako zinaelekea wapi fungua Command Prompt andika net use, Enter. Itakuletea orodha ya herufi na njia zake. Hapo ndo watu wanagundua kwamba Y: na Z: zote zinaenda \\SEVA\picha, fundi mmoja aliweka hii, mwingine akaweka ile, na zote zipo kwenye katalogi.

Kuweka herufi ya kudumu:

net use P: \\SEVA\picha /persistent:yes

Kuiondoa ile ya zamani ni net use Z: /delete. Hilo neno delete linatisha ila linaondoa herufi tu, picha haziguswi. Usiiondoe kabla hujahamisha folda kwenye katalogi, angalia sehemu ya kusafisha.

Tunatumia IP (namba ya kifaa kwenye netiweki) badala ya jina, 192.168 nini nini. Kuna shida?

Shida ni kwamba \\SEVA\picha na \\192.168.1.20\picha kwa Lightroom ni sehemu mbili, hata kama kisanduku ni kimoja. Na IP yenyewe huwa inagawiwa na rauta. Umeme ukikatika ukarudi, vifaa vyote vinaomba IP upya na NAS inaweza kupewa nyingine, leo .20 kesho .23, na mtu akiimpoti kwa hiyo mpya tayari una folda ya tatu.

Ingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP, itengee NAS yako IP isiyobadilika. Rauta nyingi zinaruhusu, wanaita "address reservation" au "static lease". Alafu hata ukishatenga, tumia jina au herufi kwenye programu, IP iwe kazi ya fundi tu.

Umeme ukirudi folda zote zina alama ya swali, nikiimpoti upya zinakuwa mbili mbili. Kwanini?

Hili ndo chimbuko la folda nyingi zilizojirudia huku kwetu, hasa kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua na radi zikiwa zimechachamaa. Mambo yanaenda hivi. Umeme unarudi, kompyuta inawaka haraka, NAS bado inajikagua na rauta bado haijagawa IP. Windows inajaribu kushika Z: inakosa, inaweka ule msalaba mwekundu inasema imeshindwa kuunganisha draivu za netiweki. Kijana wa zamu anafungua Lightroom, anakuta alama za swali kila mahali, mteja anataka picha za kipaimara sasa hivi, basi anaenda "Network" anaikuta SEVA, anaimpoti folda kupitia pale. Picha zinaonekana, kazi inaendelea, mteja anaondoka karidhika. Jioni Z: inarudi na sasa kuna folda mbili, za zamani zina kazi ya wiki nzima na mpya zina kazi ya leo.

Alama ya swali haimaanishi picha zimepotea. Inamaanisha programu haioni njia kwa sasa. Funga Lightroom, fungua This PC, bonyeza mara mbili ile herufi yenye msalaba, ukiona folda zinafunguka rudi kwenye Lightroom na alama zitaondoka zenyewe. Kama haifunguki subiri NAS imalize kuwaka. Usiimpoti chochote wakati alama ya swali ipo.

Kama mfuko unaruhusu, UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwa ajili ya NAS na rauta peke yake inamaliza sehemu kubwa ya tatizo hili, na inailinda hadidiski pia. Vilevile unganisha kompyuta ya kazi kwa waya wa netiweki badala ya waifai, maana waifai inachelewa kushika na Windows inakata tamaa mapema.

Z: inafunguka vizuri kwenye Explorer ila Lightroom inasema haipo!

Angalia kama unaifungua Lightroom kwa "Run as administrator". Windows inamhesabu administrator kama kikao kingine, na herufi za netiweki ulizoweka kwenye kikao chako yeye hazioni. Bonyeza kulia ikoni ya Lightroom, Properties, Compatibility, toa tiki kwenye "Run this program as an administrator". Fungua upya.

Tuna kompyuta mbili, katalogi tunaihamisha kwa hadidiski. Kwa mwenzangu kila kitu ni alama ya swali.

Kwako NAS ni Z:, kwake ni Y:. Fanyeni herufi moja kote, mfano P:, na hadidiski yenye katalogi nayo ipeni herufi moja. Akirekebisha kwake peke yake kwenye katalogi, ikirudi kwako itakuwa imeharibika upande wako, mtazunguka hivyo mpaka mchoke.

Katalogi nayo niiweke kwenye NAS ili tutumie wote?

Hapana. Lightroom Classic haikubali kufungua katalogi iliyopo kwenye draivu ya netiweki. Picha ndo zikae NAS, katalogi ikae kwenye kompyuta au hadidiski ya USB.

## Mac

Kwenye Mac naona "picha" na "picha-1". Hiyo -1 nimeitoa wapi?

Mac inaweka draivu zote ndani ya /Volumes. Kama jina "picha" limeshakaliwa, inayokuja inaongezewa -1. Linakaliwa kwa namna mbili. Ya kwanza, umeunganisha mara mbili, mara moja kwa kubonyeza seva kwenye Finder na mara nyingine kwa Cmd+K ukaandika smb:// na IP. Toa zote mbili kwa Eject, unganisha kwa namna moja tu.

Ya pili ni folda mzimu. Netiweki ilikatika ghafla wakati programu inaandika, ikabaki folda ya kawaida yenye jina "picha" ndani ya /Volumes, ipo kwenye diski ya Mac yenyewe siyo kwenye NAS. Toa draivu zote za netiweki kwanza, fungua Terminal andika ls /Volumes, kama "picha" bado inaonekana basi ndo mzimu wenyewe. Angalia ndani yake kabla ya kitu chochote, inawezekana kabisa kuna picha zilizoandikwa humo ukidhani zinaenda NAS. Zikiwepo zihamishe pembeni. Alafu:

sudo rmdir /Volumes/picha

Tumia rmdir na siyo rm -rf utakayoikuta inashauriwa huko mtandaoni. rmdir inakataa kufuta folda yenye kitu ndani, kwahiyo ukikosea hamna kilichopotea. Ukishamaliza unganisha tena, draivu itarudi kwa jina "picha" na katalogi itaikuta.

Folda zinafanana kila kitu ila moja ni "Picha" nyingine "picha".

Katalogi imeandika herufi kubwa na ndogo kama vitu viwili, inatokea zaidi kwenye Mac pale mtu alipobadilisha jina la folda kwenye NAS. Amua jina moja, lirekebishe kwenye NAS, alafu ielekeze ile iliyokosea kama tulivyoeleza hapa chini.

## Kusafisha kwenye Lightroom Classic

Nusu ya picha zipo kwenye folda ya Z:, nusu kwenye ya \\SEVA, hazijirudii. Naziunganishaje?

Hii ndo hali nyepesi. Tuseme umeamua kubaki na P:. Bonyeza kulia folda ya njia usiyoitaka. Kama ina alama ya swali utaona "Find Missing Folder", kama haina utaona "Update Folder Location". Bonyeza, alafu mwelekeze kwenye folda ileile kupitia P:. Kama folda hiyo ipo tayari kwenye katalogi atakuambia hivyo na kukuuliza kama aunganishe, kubali.

Kama una folda nyingi usifanye moja moja. Bonyeza kulia folda ya juu kabisa chagua "Show Parent Folder", itatokea folda mama, hiyo ndo unaielekeza P: mara moja na watoto wote wanafuata. Ukimaliza unaweza kuificha kwa "Hide This Parent".

Si rahisi zaidi kuvuta tu picha kutoka folda moja kwenda nyingine kwa mausi?

Kuvuta ndani ya Lightroom ni kuhamisha mafaili kweli kwenye diski. Sasa kama folda ni moja yenye njia mbili unamwambia ahamishe faili lilelile kwenda palepale lilipo, atagoma akisema faili la jina hilo lipo. Usipambane naye. Kuvuta ni kwa nakala za kweli, folda mbili tofauti.

Picha zilezile zimeandikwa pande zote mbili, na tumeediti huku na huku. Hapa je?

Hii ndo kazi yenyewe, na haina njia ya mkato. Lightroom haikubali kurasa mbili zielekee faili moja kwa njia moja, kwahiyo ile ya kuunganisha hapo juu itakwama kwenye picha zinazojirudia. Lazima kwanza uondoe ukurasa mmoja wa kila picha, na swali ni upi.

Anza na folda ya njia usiyoitaka. Panga kwa "Edit Time" na uangalie vile vialama vidogo kwenye kona ya kila picha, vinavyoonyesha imeeditiwa. Picha ambazo hazijaguswa upande huu na zipo upande wa pili zichague, bonyeza Delete, chagua kuondoa kwenye Lightroom tu. Rudia kusoma kabla ya kubonyeza, kile kitufe cha "Delete from Disk" kipo pembeni yake.

Sasa zimebaki zilizoguswa. Kama upande wa pili hazijaguswa, ondoa za upande wa pili, hizi zibaki ili uzielekeze baadae. Kama zimeguswa pande zote na hutaki kupoteza hata moja, nenda kwenye ya upande unaoachwa, bonyeza Ctrl+Shift+C, weka tiki vyote, nenda kwenye picha hiyohiyo upande unaobaki, tengeneza virtual copy (toleo la pili ndani ya katalogi, faili lenyewe halikopiwi) kwa Ctrl+' alafu bandika kwa Ctrl+Shift+V. Sasa upande mmoja una matoleo yote mawili, lile la rangi za joto alilotaka bibi harusi na lile la kawaida, na ule ukurasa wa ziada unaweza kwenda.

Picha zisizojirudia tena zielekeze kama kwenye swali la kuunganisha. Fanya kazi moja moja, harusi hii imalize ndo uende nyingine, kwasababu ukichanganya kesho hutakumbuka ulifikia wapi.

Niliweka tiki "Don't Import Suspected Duplicates", mbona bado zimeingia?

Lightroom inashuku picha ni ileile kwa kulinganisha jina la faili la asili, tarehe na saa ya kupiga, na ukubwa wa faili. Ulibadilisha majina wakati wa kuimpoti, mfano kutoka DSC_0412 kuwa Harusi_Uyole_001, alafu ukaja kuimpoti tena kutoka NAS yenye majina mapya? Jina halifanani, haishuku. Ulihifadhi metadata ndani ya JPEG au DNG? Ukubwa umebadilika, haishuku. Ile tiki inasaidia kwenye memori kadi uliyoiimpoti jana, usiitegemee kwenye mambo ya netiweki.

"Synchronize Folder" itanisafishia?

Haitasafisha, na wakati mbaya itabomoa. Ukiibonyeza huku NAS ikiwa haipo hewani au imepatikana nusu, itaona picha zote zimekosekana na itakuletea kisanduku cha tiki cha "Remove missing photos from catalog". Ukikubali, umeondoa kurasa zenye kazi yako yote. Itumie tu ukiwa umethibitisha folda inafunguka, na hiyo tiki itoe.

## digiKam na Picasa

Natumia digiKam, albamu zimejirudia kila moja.

Ingia Settings, Configure digiKam, Collections. Utakuta makundi matatu, za kompyuta yenyewe, za vifaa vya kuchomoa na za netiweki. Wengi wameiweka NAS kwenye kundi la kwanza kama P: alafu wakaiweka tena kwenye netiweki. Hakikisha kwanza lebo na nyota zako zimeandikwa kwenye mafaili yenyewe au XMP, mpangilio upo sehemu ya Metadata, alafu toa moja. Ibaki ile ya netiweki.

Chonde chonde na ile "Find Duplicates". Inalinganisha sura ya picha, kwahiyo itakuonyesha picha moja yenye njia mbili kama nakala, ukifuta moja umefuta zote. Hii inahusu programu zote za kutafuta nakala. Hazijui njia, zinajua picha tu.

Bado natumia Picasa.

Picasa iliachwa na Google mwaka 2016, hakuna marekebisho yanayokuja. Fungua Folder Manager, acha njia moja tu ikiwa na tiki, na anza kujipanga kuhamia digiKam maana ni ya bure.

## Kesi za pembeni

Picha ina alama kwamba metadata imegongana, na sijaigusa nje ya Lightroom.

Huu ndo ule mtego. Kurasa mbili kwenye katalogi, ila faili kwenye diski ni moja, na XMP yake ni moja. Ukihifadhi ukurasa wa kwanza inaandikwa XMP. Ukihifadhi wa pili inaandikwa juu ya ile ile. Ukurasa wa kwanza unaona faili limebadilika unapiga kelele. Kama kuandika XMP kumewashwa kujifanya kwenyewe, kurasa hizi zinafutiana kazi bila wewe kujua. Zima "Automatically write changes into XMP" kwenye Catalog Settings mpaka umalize kusafisha, na alama hiyo ikikuuliza kuimpoti kutoka kwenye diski, usikubali mpaka ujue iliyopo kwenye diski ni kazi ya ukurasa upi.

Ukishabaki na ukurasa mmoja ndo ubonyeze Ctrl+S. Ujue tu kwamba virtual copy, makusanyo na historia ya hatua haviingii kwenye XMP, vinakaa kwenye katalogi peke yake.

Naona folda za ajabu, #recycle, @eaDir, @Recycle, zina picha zangu humo.

#recycle ni pipa la taka la Synology na @Recycle ni la QNAP. @eaDir ni folda ambayo Synology inaweka picha ndogo za kuonyeshea. Ukiimpoti NAS nzima kuanzia juu kabisa hizi nazo zinaweza kuingia, picha ulizozifuta zinafufuka. Ziondoe kwenye katalogi tu, na siku zote impoti kuanzia folda ya picha siyo juu ya hapo.

Kwenye Synology nina home\Photos na homes\jina langu\Photos, na hakuna aliyekopi.

Ni folda moja. "home" ni mlango wako binafsi, "homes" ni mlango wa admin unaoonyesha watu wote. Tumia "home". Hali kama hii inatokea pia pale folda iliyo ndani ya shea nyingine nayo imesheyiwa peke yake, mfano \\SEVA\data\picha na \\SEVA\picha. Jaribio la faili tupu linalitambua mara moja.

Nilienda Kitulo kupiga maua, nikaimpoti kwenye laptopu, nimerudi nimekopi folda kwenda NAS kwa Explorer. Sasa nina mbili.

Hizi ni nakala za kweli. Zilizoeditiwa katalogi inazijua kwa njia ya laptopu, zile za NAS haizijui au umeziimpoti upya bila kazi yako. Kama uliziimpoti, ondoa hizo mpya kwenye katalogi, diski usiguse. Alafu folda ya laptopu ifanyie "Update Folder Location" kwenda P:. Fungua picha chache kwa ukubwa kamili uhakikishe hazijaharibika kwenye kukopi, ndo ufute za laptopu. Safari ijayo, iwe Ruaha au Matema, ukirudi vuta folda ndani ya Lightroom kwenda P:, hapo kuvuta ndo mahali pake.

Katalogi ni SQLite (aina ya hifadhidata), fundi anasema anaweza kuingia ndani abadilishe njia zote kwa mpigo.

Ni kweli ni SQLite na njia za folda mama zipo humo kwenye jedwali linaloitwa AgLibraryRootFolder. Ila kubadilisha maandishi ya njia hakuondoi kurasa zilizojirudia, na mkono ukiteleza katalogi nzima haifunguki. "Show Parent Folder" na "Update Folder Location" zinafanya kazi hiyohiyo bila hatari. Kama mtu anasisitiza, afanyie kwenye kopi, Lightroom ikiwa imefungwa.

Nimechelewa, nimeshafuta. Kuna cha kufanya?

Acha kuandika chochote kwenye NAS sasa hivi, usikopi, usiimpoti, waambie na wenzako. Ingia kwenye NAS kupitia brauza, angalia #recycle au @Recycle ya shea hiyo, alafu angalia kama kuna snapshot (hali ya zamani ya mafaili ambayo NAS inajitunzia) zilizowashwa. Zikiwepo zirudishe palepale zilipokuwa kwa jina lilelile, Lightroom itazikuta.

Hazipo? Tafuta memori kadi ya kazi ile, na kama haijaformatiwa usiirudishe kwenye kamera. Hata ikiwa imeformatiwa lakini haijapigwa picha nyingine, programu ya bure kama PhotoRec inaweza kutoa nyingi. Picha zitakazorudi kwa PhotoRec zinakuja na majina mapya, kwahiyo zipange kwa saa ya kupiga, zipe majina ya zamani ndo uziweke kwenye folda yake, alama za kukosekana zitaondoka na ulichoediti kitakaa juu yake kama mwanzo.